Mkataba ukiisha: kubaki kama Schurter, kuhama kama Minnaar, kujitegemea kama Courtney, au kutundika baiskeli?

Mwanagurudumu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Msimu umekwisha. Nino Schurter, yule Mswisi wa krosikantri (mbio za mizunguko milimani), kaaga pale Lenzerheide, Uswisi, Septemba 2025, mbele ya watu wa kwao, na sasa tumeingia ile miezi ambayo Kombe la Dunia la baiskeli za milimani limelala, zimebaki tetesi tu. Mtu akifuta jina la timu kwenye Instagram yake, basi anastaafu. Akipigwa picha na kofia isiyo na nembo, basi kahama. Mikataba mingi ya hawa jamaa inakwisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo hata aliyeshasaini kwingine hawezi kuonyesha baiskeli mpya mpaka Januari mosi, na hapo katikati kila mwenye bando ni mchambuzi.

Mimi sitaki tubishane nani kasaini wapi. Nataka tulinganishe njia zenyewe. Tuseme una miaka 33, umewahi kuvaa jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, miguu bado ipo, lakini vijana wa miaka 21 wanakupita kwenye kila kilima. Kiwanda cha baiskeli chenye timu yako kinakwambia kitakuongeza mwaka mmoja, ila mshahara unapungua. Unabaki? Unahamia kiwanda kingine kinacholitaka jina lako? Unaanzisha mradi wako na wadhamini wako mwenyewe? Au unasema imetosha, acha nikalee watoto?

Kura yangu naitoa mapema: kubaki. Schurter kakaa na kiwanda cha Scott zaidi ya miaka 20. Ubingwa wa dunia mara 10. Medali za Olimpiki za rangi zote tatu: shaba Beijing 2008, fedha London 2012, dhahabu Rio 2016. Ushindi wa Kombe la Dunia mara 36, wakati Julien Absalon, aliyekuwa na rekodi kabla yake, aliishia 33. Ukiiona Scott unamwona Schurter, mpaka kuna Spark, baiskeli yao ya mbio, iliyouzwa kwa jina lake. Mtu kama huyo akistaafu haendi kuomba kazi popote, kazi inamfuata nyumbani. Mnasemaje?

siti_ya_mbele

Niko hapa na karanga zangu. Wajuzi shukeni.

Fundi_Cheni

Naunga mkono hoja, ila kwa sababu nyingine. Nyie mnaona uaminifu, mimi fundi naona chombo.

Nenda 2012, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, duru ya kwanza ya Kombe la Dunia. Wakati huo ugomvi ulikuwa gurudumu la inchi 26 na la inchi 29, kila kambi inaapa kwa lake. Schurter akatokea na la 27.5, akashinda. Yeye si mrefu, na gurudumu kubwa linakuinulia usukani wakati yeye anataka kulala chini kama anatafuta sarafu barabarani. Kiwanda kikamsikiliza, kikamtengenezea cha katikati. Amekwenda nacho miaka kadhaa, mpaka Spark ilipochorwa upya kwa ajili ya 29, ndiyo aliyochukulia dhahabu Rio.

Sasa niambie, mwendeshaji wa kusaini miaka miwili miwili anaipata wapi huduma hiyo? Fremu ya kaboni inatoka kwenye kalibu, na kalibu ni pesa. Hakuna kiwanda kitakachokata kalibu kwa vipimo vya mtu ambaye mwakani yuko kwa mshindani.

Wa_Limuru

Sasa hapo ndipo mnapopotea njia, na mnapotea mkiwa Afrika. Greg Minnaar mmemwacha wapi? Ametajwa kwenye kichwa cha uzi tu, ndani hayumo.

Wacha niwakumbushe. Kijana wa Pietermaritzburg, bingwa wa dunia wa mbio za kuteremka 2003, kisha 2012, kisha 2013, kisha 2021. Ile ya 2013 ilifanyika mjini kwao. Chini ya nusu sekunde ndiyo iliyomtenganisha na Mick Hannah, na alivuka mstari tairi la nyuma limeisha upepo. Ile ya 2021, Val di Sole, alikuwa na miaka 39. Thelathini na tisa! Kwenye mchezo ambao kuanguka mara moja kunaweza kukulaza hospitali msimu mzima.

Na hakuanza na Santa Cruz, kiwanda anachojulikana nacho. Kabla yake alikuwa Honda, kampuni ya pikipiki iliyoingia kwenye baiskeli za kuteremka na ile RN01 yenye gia zilizofichwa ndani ya boksi katikati ya fremu. Wapinzani walikuwa wanachungulia kama watoto nje ya dirisha la kinyozi. Honda haikuwahi kuiuza kwa mteja, na baada ya msimu wa 2007 ikafunga virago. Kwa hiyo Minnaar alijifunza mapema kwamba kampuni inaweza kuamka asubuhi ikaamua mchezo huu hauna faida.

Akaenda Syndicate, timu ya Santa Cruz, 2008, akakaa misimu 16. Mwaka 2017 V10, baiskeli yao ya kuteremka, ilipoingia mashindanoni na gurudumu la inchi 29, watu walicheka, wakasema hayo ni magurudumu ya watu wa krosikantri. Minnaar akashinda nayo Fort William. Sasa Fundi, huoni hadithi ni ile ile? Mwendeshaji mmoja, kiwanda kimoja, gurudumu jipya. Tofauti ni kwamba Januari 2024, akiwa na miaka 42, Minnaar alifungasha akaenda Norco ya Kanada. Na dunia haikuisha.

Mwanagurudumu

Haikuisha, ila picha ya Minnaar iliyoko kichwani mwangu ni ya V10. Ya Norco sina. Misimu 16 unajenga nyumba, halafu unakwenda kupanga chumba cha uani. Kwa faida gani?

Wa_Limuru

Faida ya kuwa na sauti, kaka. Mzee wa miaka 42 haendi timu mpya kumfukuza bingwa kama Loïc Bruni. Anakwenda kuwaambia wahandisi hapa panapinda, hapa pagumu, na kuwaongoza vijana kama Gracey Hemstreet namna ya kuusoma mteremko. Hiyo ni kazi. Kwenye timu ya zamani wewe ni sanamu, wanakupitishia kitambaa cha vumbi kila msimu. Kwenye timu mpya wewe ni fundi mkuu.

BintiUsambara

Naomba niingie, maana nawaona mnajadili ndoa bila kumtaja mume. Mnamwangalia mwendeshaji tu: kabaki, kahama, ana sauti, hana sauti. Na kiwanda je? Schurter amebaki Scott miaka yote hiyo kwa sababu Scott ilikuwepo miaka yote hiyo. Hilo hakulifanya yeye.

Chukueni Sam Hill. Bingwa wa dunia wa kuteremka mara tatu: 2006, 2007 na 2010. Akahamia enduro, mbio za hatua kadhaa ambazo muda unapimwa kwenye miteremko, akachukua taji la Enduro World Series 2017, 2018 na 2019, mara tatu mfululizo, tena kwa pedali bapa wakati karibu wenzake wote wamefunga viatu kwenye pedali. Hayo ya enduro yote akiwa na kiwanda cha Nukeproof. Kama kuna mtu alistahili kuzeekea kwenye nembo moja ni yeye. Kilichotokea ni nini? Nukeproof ilikuwa mali ya Wiggle na Chain Reaction, maduka ya mtandaoni yaliyokuwa chini ya Signa Sports United. Oktoba 2023 mwenye mali mkuu, Signa Holding, akavunja ahadi ya kuingiza euro milioni 150. Ndani ya mwezi huo huo duka liko mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Timu ya Nukeproof ikaenda na maji. Hill alikosea nini hapo? Breki alizishika vizuri, kona alizipiga vizuri. Aliyeanguka yuko ofisini, wala hajawahi kupanda baiskeli.

Na hakuwa wa mwisho. Desemba 2024 Rocky Mountain ya Kanada ilikwenda kuomba kinga dhidi ya wadai. Mwezi huo huo GT ilitangaza inasitisha bidhaa mpya na kupunguza wafanyakazi, itauza mzigo uliopo, na timu ya GT Factory Racing ikaishia hapo. Halafu ajabu yenyewe: GT ni ya Pon Holdings ya Uholanzi, na Pon hiyo hiyo ndiye mwenye Santa Cruz na Cannondale. Baba mmoja, mtoto mmoja kanyimwa chakula, wengine wanakula mezani. Mwendeshaji wa GT na wa Santa Cruz wanaweza kuwa na uwezo sawa kabisa, ila mmoja amesaini na mtoto asiyependwa.

Sababu mnaijua. Corona ilipofika kila mtu alitaka baiskeli, viwanda vikaagiza kama vile tauni haitaisha. Mzigo ulipofika maghalani, wateja walikuwa wameshanunua. Tangu 2022 wanauza kwa punguzo, faida imekonda, na kwenye kampuni yoyote faida ikikonda cha kwanza kukatwa ni matangazo. Timu ya mbio ni matangazo.

Kwa hiyo ukiniuliza kubaki au kuhama, nakuuliza kwanza: umeshaona hesabu zao?

siti_ya_mbele

Aisee dada umemwaga nondo. Lakini mbona Vali Höll, yule dada wa kuteremka, yeye anashinda tu na kampuni yake iko taabani?

BintiUsambara

Umeuliza la maana kuliko unavyodhani. Höll wa Austria alitoka Trek akaenda YT Mob, timu ya kiwanda cha YT, mwaka 2024. Julai 2025 YT Industries ikaenda mahakamani Ujerumani kwa ufilisi, wenyewe wakiendelea kuiendesha chini ya uangalizi. Septemba hiyo hiyo Höll akashuka Champéry, Uswisi, mteremko unaoogopwa na wanaume wazima, akachukua ubingwa wa dunia kwa mwaka wa nne mfululizo. 2022, 2023, 2024, 2025. Hebu fikiria uko juu pale kwenye kibanda cha kuanzia, unahesabiwa milio, na kiwanda kilichokutengenezea fremu kiko kwenye faili la hakimu. Mimi ningesahau hata kufunga kofia.

Ila elewa, kushinda hakulipi deni la kiwanda. Kunamlipa yeye, kwa sababu bingwa wa dunia hakosi simu.

Fundi_Cheni

Dada, hapo kwenye viwanda kufa na sisi tunaumia, tena bila mshahara. Nina mteja hapa Arusha ana fremu nzuri kabisa ya kampuni iliyoyumba, jina silitaji. Kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma kimepinda, na kila fremu ina chake, hakiingiliani na cha mwenzake. Kitu cha kuingia kwenye kiganja, na baiskeli nzima imelala miezi.

mzee_wa_gia

Vijana, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa.

Mnaongea habari za viwanda, ni sawa, lakini kuna mtu mwingine hamjamtaja, naye ni mwenye kamera. Kwa miaka mingi, mpaka 2022, Kombe la Dunia lilikuwa Red Bull TV, bure, popote ulipo. Mimi nilikuwa naangalia mtangazaji Rob Warner akipiga kelele, mjukuu wangu anadhani kuna moto umewaka. Mwaka 2023 haki zikaenda Warner Bros. Discovery, ukataka kuona unalipia. Wengi walijiunga na GCN+, huduma ya kulipia ya kutazama baiskeli mtandaoni, na Desemba 2023 nayo ikafungwa. Mashindano yenyewe yamepangwa vizuri zaidi, siwanyimi haki yao. Lakini mdhamini halipi kwa sababu mbio zimepangwa vizuri. Analipa kwa sababu macho yanaona nembo yake. Yule kijana wa Morogoro aliyekuwa anatazama bure na baadaye anaulizia bei ya Trek, huyo amepotea, na kupotea kwake kumo kwenye bei ya mkataba wa mwendeshaji.

Ndiyo maana mimi kura yangu naipeleka kwa waliojitegemea. Na waliofanya vizuri kabisa ni wanawake, sijui kwa nini wanaume wanachelewa.

Jenny Rissveds, Msweden. Dhahabu ya Olimpiki Rio akiwa na miaka 22, kwenye timu ile ile ya Schurter. Halafu akavunjika moyo, sonona ikamshika, akaacha mbio. Tetesi zilikuwaje? Kaisha. Amestaafu. Mtoto wa siku moja. Akarudi na timu yake mwenyewe, akaiita Team 31, namba ya kifungu cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinachosema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nani kati ya wakurugenzi wa masoko angekubali jina hilo? Agosti 2019 akashinda tena Kombe la Dunia. Paris 2024 akapata shaba. Baada ya hapo ndipo akakubali kurudi kwenye timu ya kiwanda, Canyon, na Septemba 2025 kule Crans-Montana akawa bingwa wa dunia. Ni vizuri mkaona mpangilio: alijitegemea alipokuwa dhaifu, akarudi kiwandani alipokuwa na nguvu ya kupanga masharti. Wengi wanafanya kinyume chake.

Kate Courtney naye, Mmarekani. Bingwa wa dunia 2018 Lenzerheide, wa kwanza kutoka Marekani kwa wanawake tangu 2001. Alikuwa Specialized, akahamia Scott-SRAM mwaka uliofuata, akachukua taji la jumla la Kombe la Dunia 2019. Baadaye mambo yakawa magumu, Paris hakwenda. Mwaka 2025 akatoka na mradi wake, She Sends, juu ya baiskeli za Allied, kampuni ndogo ya huko kwao. Akashinda Leadville, mbio ndefu za milimani huko Marekani, kwa rekodi, halafu Septemba akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu. Tetesi zilishamzika huyu.

Wa_Limuru

Mzee shikamoo ya kweli. Swali la nje ya mada: Lenzerheide kuna nini? Courtney ubingwa 2018 pale. Schurter ubingwa 2018 pale. Rissveds kurudi 2019 pale. Rachel Atherton 2023 pale. Schurter kuvunja rekodi ya Absalon 2023 pale, na kuaga 2025 pale pale. Waganga wetu wapeleke tawi.

mzee_wa_gia

Marahaba. Kwa Schurter jibu ni rahisi, ni mkoani kwao Graubünden, anakula nyumbani analala nyumbani. Kwa wengine sijui uwapeleke kwa mganga gani.

Umenikumbusha Rachel. Huyo ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Alipita Commencal, GT, Trek. Mwaka 2016 alishinda kila duru ya Kombe la Dunia, zote saba, na ubingwa wa dunia juu yake. Una msimu kama huo, kiwanda gani kitakunyima mkataba? Lakini Januari 2019 yeye na kaka zake, Dan na Gee, wakatangaza kiwanda chao wenyewe huko Wales. Mabomba ya kaboni, viungio vya titani vinavyochapwa na mashine. Hakuna kalibu, Fundi! Hilo ndilo jibu la hoja yako: ukitaka fremu kwa vipimo vyako bila kumbembeleza mtu, unanunua mashine.

Mwaka huo huo msuli wa kisigino ukakatika. 2021 akajifungua. Watu wakamwaga kwa heshima zote. Juni 2023 akajitokeza Lenzerheide akiwa na miaka 35, akashinda, mtoto anamsubiri chini.

Mwanagurudumu

Mzee nakubali ni mashujaa, ila tulinganishe kwa haki. Rissveds na Courtney walipojitegemea tayari walikuwa na majina. Rachel alikuwa na mataji sita ya dunia ukihesabu na la vijana, la mwisho 2018. Huwezi kumwambia mtu aliyewahi kuwa wa nane kwenye Kombe la Dunia aanzishe kiwanda. Kwake yeye kubaki ndiyo njia, hata kwa mshahara wa nusu, kwa sababu kujitegemea maana yake unalipa tiketi za ndege, unalipa fundi, unalipa mtu wa kukukanda, halafu ndipo unaanza kula.

BintiUsambara

Hapo nakubaliana na wewe nusu. Jina lazima. Lakini jina la nani? Angalia vichwa vyao. Tom Pidcock, Mwingereza, kavaa kofia ya Red Bull akiwa timu ya Ineos, kavaa kofia ya Red Bull akiwa timu ya Q36.5. Pauline Ferrand-Prévot, Mfaransa, kavaa Red Bull kwenye milima, kavaa Red Bull barabarani. Baiskeli inabaki na timu, kofia inakwenda na mwenyewe. Mkataba wa kofia ni wa mtu binafsi. Kwa hiyo kabla hata hatujafika miaka 33, swali ni kama ulijenga kitu chochote kisicho cha kiwanda. Kofia, viatu, miwani, watu wanaokufuata wewe na si timu. Aliyejenga anaweza kubaki, kuhama au kujitegemea kwa amani. Asiyejenga anapangiwa.

Na Pidcock ndiye mfano mzuri wa upuuzi wa nembo. Olimpiki ya Tokyo alishinda dhahabu juu ya BMC nyeusi tii iliyofutwa majina, kwa sababu timu yake ilikuwa na Pinarello na Pinarello haikuwa na baiskeli ya milimani ya kumpa. Dhahabu nzima, na aliyeunda fremu haruhusiwi kusema kitu! Paris 2024 akashinda tena, safari hii juu ya Pinarello, tena baada ya pancha katikati ya mbio, akampita Victor Koretzky mzunguko wa mwisho. Miezi michache baadaye akaachana na Ineos.

siti_ya_mbele

Sasa dada umegusa barabarani. Hiyo si njia ya tano? Mleta uzi kaweka nne.

Wa_Limuru

Ni ya tano na inalipa kuliko zote. Ferrand-Prévot 2022 alichukua jezi nne za upinde wa mvua kwa mwaka mmoja: krosikantri, mbio fupi, mbio ndefu na mbio za barabara za changarawe. Paris 2024 akapata dhahabu aliyokuwa anaitafuta. Akasema milimani nimemaliza, akasaini miaka mitatu na Visma ya barabarani. Aprili 2025 kashinda Paris-Roubaix, Agosti kashinda Tour de France ya wanawake. Hapo hata ukimwambia amestaafu baiskeli za milimani hasikii, anahesabu maua.

Na kuna Alan Hatherly, tena wetu wa Afrika Kusini. Shaba Paris, bingwa wa dunia 2024, akatoka Cannondale akaenda Giant, na barabarani akaingia timu ya Jayco AlUla inayotumia Giant hiyo hiyo. Hakuchagua. Alichukua vyote viwili kwa kampuni moja, na 2025 akatetea ubingwa wake wa dunia milimani. Hii mimi naiona ndiyo akili kuliko zote zilizotajwa humu, kwa sababu mguu mmoja ukiteleza mwingine uko chini.

Fundi_Cheni

Hatherly mwaka 2025 alikuwa na miaka 29. Mleta uzi kasema 33. Barabarani ukienda na 33 hujawahi kupanda na kundi la watu 150, watakusukumia mtaroni wiki ya kwanza.

Wa_Limuru

Ferrand-Prévot alikuwa na 32 aliposaini, 33 aliposhinda Tour.

Fundi_Cheni

Yule aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa barabarani 2014. Alikuwa anarudi kwao, hakuwa mgeni.

Wa_Limuru

Hiyo nakupa.

Lakini niseme moja la kwetu, maana tunajadili kama vile sote tuna mawakala Zurich. Huku Kenya, David Kinjah amelea vijana na baiskeli za milimani pale Kikuyu kwa miaka, Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, akiwa mmoja wao. Team Amani imechukua waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda ikawapeleka kwenye changarawe, na kuna Migration Gravel Race inayopigwa Maasai Mara. Waulize hao swali la mleta uzi, kubaki au kuhama, watakuuliza kubaki wapi. Kwetu tetesi za kustaafu hazipo, kwa sababu aliyeajiriwa yuko wapi? Mtu anaacha mbio siku anapopata kazi ya bodaboda inayolipa, na hakuna anayeandika uzi.

mzee_wa_gia

Umesema kweli, na ndiyo maana changarawe imetusaidia kuliko Kombe la Dunia. Mbio za Marekani za mtindo wa Life Time Grand Prix mtu anaingia na wadhamini wake, hana haja ya nafasi kwenye timu ya Ulaya. Keegan Swenson kalichukua taji hilo 2022, 2023 na 2024 na hakuna aliyemuuliza timu yake ina basi la rangi gani.

Mwanagurudumu

Haya, nimewasikia wote. Wa kuhama ni Wa_Limuru, wa kujitegemea ni mzee, dada anasema tuangalie hesabu kwanza. Mimi bado niko kwa Schurter, ila nabadilisha masharti: nabaki kama kiwanda kina mwenye mali asiyetegemea mauzo ya mwaka mmoja, na kama kofia ni yangu. Nikikosa moja kati ya hayo, nasikiliza simu.

Na kustaafu je? Mbona hiyo hakuna aliyeipigia kura?

BintiUsambara

Kwa sababu sisi ndio tunaoangalia, hatutaki waondoke. Absalon aliacha 2018 akiwa na miaka 37, mwaka uliofuata yuko na timu yake mwenyewe, Absolute Absalon, na 2022 Ferrand-Prévot kachukua zile jezi zake akiwa na timu hiyo. Kwa hiyo hata aliyeacha hakuacha, alihamia upande wa pili wa meza. Akawa yeye ndiye wa kumwambia mtu wa miaka 33 kwamba mshahara unapungua.

siti_ya_mbele

Hahaha, karanga zimeisha.

Fundi, yule mteja wako wa kile kichuma cha gia, amejaribu kupeleka kwa wachonga vyuma? Kuna jamaa hapa Gerezani anachonga alumini kwa kuangalia sampuli, mradi umpe cha zamani hata kama kimepinda.

Fundi_Cheni

Tayari tunacho cha zamani. Nitumie namba yake inbox, na muulize kama ana nyuzi za skrubu ndogo, maana hiyo ndiyo iliyowashinda wa hapa.